Kubisha na Kujibu: Suala la Uadilifu katika Ubishi wa Kila Siku

Utangulizi

Hakuna siku ipitayo pasi na watu kubishana. Katika mabaraza ya Lamu na Mombasa, ndani ya matatu, kwenye vijiwe vya bodaboda, katika bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi ambako Bunge la Mwananchi limezoea kukutana, na sasa hata katika makundi ya WhatsApp ya ukoo na ya wenza wa kazini, watu hushindana kwa maneno juu ya uchaguzi, mahari, mavazi, Sheng, dini na muziki wa vijana. Mara nyingi ubishi huo haukatishwi na hoja iliyozidi nyingine nguvu. Hukatishwa na kituo cha kushukia, na adhana, au na mmoja kuchoka. Pengine ni kwa sababu hiyo uhakiki wa fasihi haujaushughulikia sana. Umeuona kuwa ni maneno ya kupitisha wakati, yasiyo na umbo wala dhamira ya kudumu.

Hata hivyo, ubishi wa kila siku unabeba swali zito la kimaadili, nalo ni hili: mtu anayempinga mwenziwe ana deni gani kwake? Swali si kama anaruhusiwa kumpinga. Hilo aghalabu halina shaka. Swali ni kile anachopaswa kumpa yule anayempinga, hata akimwona amekosea kabisa, na hata akiwa hampendi.

Yako majibu mawili yaliyozoeleka. La kwanza ni la adabu: mbishi anadaiwa upole, asitukane, asipaze sauti, amheshimu mkubwa. La pili ni la uhuru: mbishi hadaiwi kitu ila kumwacha mwenziwe naye aseme lake. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini yote mawili yanapungukiwa. Mtu anaweza kuwa mpole kupita kiasi na asisikie hata neno moja la anayezungumza naye. Upole wa namna hiyo ni njia ya kumnyamazisha mtu bila kumgusa. Vivyo hivyo, mtu anaweza kuachwa aseme mpaka akauke koo, kama aachwavyo mwendawazimu sokoni, na asipatikane wa kumjibu. Uhuru wa kusema usiokuwa na msikilizaji ni haki iliyokatwa nusu.

Makala haya yanashikilia kwamba deni la mbishi lina sehemu mbili: kulichukua neno la mpinzani kama lilivyosemwa, na kumwachia nafasi ya kulijibu neno analorudishiwa. Yanashikilia pia kwamba deni hili si wazo geni linalohitaji kuazimwa kwa wanafalsafa wa mbali. Limo katika lugha ya Kiswahili na katika mapokeo yake ya malumbano ya kishairi, ingawa mapokeo hayo yenyewe hayakulilipa kila mara.

Maneno na maana zake

Ni vyema kuanza na neno lenyewe. Kitenzi "kubisha" kina maana tatu katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni kupinga au kukataa lililosemwa. Ya pili ni kugonga mlango na kupiga hodi. Ya tatu ni ya mabaharia: chombo kinapokabiliwa na upepo wa mbele husemwa kuwa kinakwenda kwa kubisha. Makala haya hayadai kwamba maana hizo zina asili moja. Hilo ni jambo la wanaisimu. Lakini kuziweka pamoja kunasaidia kufikiri.

Anayebisha hodi huwa amekwisha kukiri mambo mawili: kwamba nyumba si yake, na kwamba mwenye nyumba ana hiari ya kumkaribisha au kutomkaribisha. Hubisha, akangoja. Desturi ya pwani ni kupiga hodi mara tatu, na asiyejibiwa hurudi zake. Baharia naye hawezi kuuelekea upepo moja kwa moja. Hukata kwa upande huu, kisha kwa upande ule, na nguvu inayokisukuma chombo chake hutoka katika upepo ule ule unaompinga. Bila upepo huo hasogei. Maana hizi mbili zinaonyesha kile kinachokosekana katika ubishi mwingi: kungoja, na kulitumia neno la mpinzani badala ya kulikwepa.

Jozi nyingine ya maneno inahitaji kutajwa, kwa kuwa hoja ya makala haya itaiegemea. Kiswahili kinatofautisha "kusema na mtu" na "kumsema mtu". Anayesema na mtu humwelekea. Anayemsema mtu humfanya kuwa mada ya mazungumzo, na kwa kawaida humsema akiwa hayupo. Tofauti hiyo ya kisarufi ni ndogo, lakini kimaadili ni kubwa mno.

Kujibizana kwa washairi

Mfano ulio wazi kabisa wa deni hili ni ushairi wa kujibizana. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa ya Mazrui ikishirikiana na Pate iligombana na Lamu, na ugomvi huo ukafikia vita vya Shela, ambavyo pia hujulikana kama vita vya Kuduhu, vinavyokadiriwa kupiganwa karibu na mwaka 1812. Lamu ilishinda. Sambamba na ugomvi huo, washairi wa miji hiyo walipelekeana mashairi. Upande wa Mombasa alikuwapo Muyaka bin Haji, na upande wa Lamu alikuwapo Zahidi Mngumi. Mashairi hayo yamehifadhiwa, na mwaka 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyahariri na kuyachapisha pamoja.

La kuzingatiwa hapa ni kanuni ya utungo zaidi kuliko ustadi wa malenga. Katika kujibizana, mjibu aghalabu huchukua bahari aliyoitumia mwenziwe, na mara nyingi hufuata vina vyake au huuchukua msemo wake na kuugeuza. Hawezi kufanya hivyo bila kulisikiliza shairi la kwanza mpaka beti la mwisho. Asiyesikia hawezi kujibu. Na akijaribu, wasikilizaji wanaolijua shairi la awali watagundua mara moja kwamba amejibu jambo ambalo halikusemwa. Kwa hiyo kanuni ya sanaa hapa inatenda kazi ya kanuni ya maadili. Inamlazimu adui amsikilize adui.

Ni lazima kusisitiza kwamba hawa walikuwa maadui kweli. Mashairi yao yana kejeli, vitisho na majigambo. Hakuna anayeweza kuyasoma akayaita mazungumzo ya upole. Ndiyo maana yanafaa kuwa ushahidi dhidi ya jibu la adabu lililotajwa hapo awali: uadilifu katika ubishi ni jambo moja, na upole ni jambo jingine. Mtu anaweza kumrudishia mwenziwe neno kali sana, na bado akawa amemtendea haki kwa kuwa neno alilolijibu ndilo hasa lililosemwa.

Hapa patatokea msomaji wa kuuliza: je, mashairi hayo yalizuia nini? Vita vilipiganwa na damu ikamwagika. Pingamizi hili ni la kweli na halifai kupuuzwa. Kujibizana hakukuleta amani, na makala haya hayadai kwamba ubishi wa haki huleta amani. Kilicholetwa ni kitu kingine. Kwa kuwa kila upande ulilichukua neno la mwenziwe, historia ya ugomvi huo haikubaki ya mshindi peke yake. Mombasa ilishindwa vitani, lakini Muyaka hakufutika, na msomaji wa leo anaweza kuzisikia sauti za pande zote mbili. Anaweza hata kuamua mwenyewe nani alikuwa na hoja. Ubishi wa haki humwachia mtu wa tatu, yaani msikilizaji, uwezo wa kuhukumu.

Mpinzani wa kubuni

Tofauti na kujibizana ni ngonjera, utungo uliopata nguvu Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967 na ambao jina la Mathias Mnyampala limeambatana nao daima. Ngonjera za UKUTA zilichapishwa kuanzia mwaka 1970. Kwa sura ya nje, ngonjera ni ubishi: watu wawili wanasimama mbele ya hadhira, mmoja akishika upande huu na wa pili upande mwingine, na wanajibizana kwa beti zenye vina na mizani. Mmoja huwa hajaelewa siasa, kilimo, elimu au usafi. Wa pili humweleza. Mwishowe yule wa kwanza husadiki na kushukuru.

Hakuna ubaya wowote katika kufundisha kwa njia ya mazungumzo, na ngonjera ilitimiza kazi iliyokusudiwa katika shule na mikutano ya hadhara. Lakini kwa kipimo cha deni lililotajwa, ngonjera inakosa jambo la msingi. Mpinzani wake hakutoka nje ya kichwa cha mtunzi. Ameumbwa ili ashindwe. Hoja anazopewa ni zile tu ambazo jibu lake limekwisha kuandaliwa, na kama mkulima halisi wa kijijini angekuwa na hoja ya tatu, isiyo na jibu, haingepata beti. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake.

Jambo hili linahusu zaidi ya tanzu za ushairi. Ubishi mwingi wa kila siku ni ngonjera iliyojivika sura ya kujibizana. Mtu anayesema "vijana wa siku hizi hawataki kazi" hujibiwa na mwingine anayesema "wazee wameiuza nchi", na kila mmoja anabishana na mhusika aliyemtunga mwenyewe. Kijana halisi aliyepeleka barua arobaini za kuomba kazi hayumo. Mzee halisi aliyetozwa kodi ya kichwa na mkoloni, kisha akasomesha watoto saba kwa zao la kahawa, naye hayumo. Sauti hupanda, lakini hakuna aliyejibiwa. Kosa hapa halitibiwi na adabu, maana ngonjera ni utungo wenye adabu kuliko zote.

Je, umbo la pamoja si mtego?

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya hoja hii linatoka ndani ya fasihi ya Kiswahili yenyewe. Ikiwa kumtendea haki mpinzani ni kuchukua umbo lake, itakuwaje pale umbo lenyewe ndilo linalobishaniwa?

Hilo ndilo lililotokea katika mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970. Amri Abedi alikuwa amekwisha kuzieleza sheria za utunzi mwaka 1954, na kwa wanamapokeo wengi vina na mizani vilikuwa uti wa mgongo wa shairi, si pambo lake. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya kimapokeo. Sasa, kama angelazimika kuutetea ushairi huru kwa beti za vina na mizani, angekuwa amekwisha kushindwa kabla ya kuanza. Kumwambia mtu "nijibu kwa bahari yangu" pale bahari hiyo ndiyo anayoikataa ni sawa na kumwalika mashindanoni huku tuzo limekwisha kutolewa.

Pingamizi hili lina nguvu na linalazimisha hoja irekebishwe. Linaonyesha kwamba kuchukua vina vya mwenzio ni njia moja tu ya kulipa deni. Si deni lenyewe. Deni lenyewe ni kulichukua neno lake, na neno laweza kuchukuliwa hata na asiyelichukua umbo. Kipimo kinachofaa ni hiki: mpinzani akisikia hoja yake ikitajwa na anayempinga, je, atatambua kwamba ndiyo yake? Akisema "ndivyo nilivyosema", deni limelipwa, hata kama jibu linalofuata linamvunja kabisa. Akisema "sikusema hivyo", basi anayembishia bado hajaanza kubishana naye.

Kwa kipimo hiki, mgogoro ule unaweza kuhukumiwa upya bila kuuliza kwanza nani alishinda. Wako wanamapokeo waliodai kwamba watunzi wa mashairi huru walikimbilia huko kwa kushindwa na vina. Wako wanausasa waliodai kwamba wanamapokeo walificha utupu wa mawazo nyuma ya urari wa silabi. Madai yote mawili yanashabihiana katika jambo moja: hayakujibu neno, yalimsema mtu. La kwanza halikuigusa hoja kwamba lugha ya mazungumzo ya kawaida yaweza kubeba ushairi. La pili halikuigusa hoja kwamba shairi la Kiswahili limetungwa ili liimbwe, na kwamba mizani ni mpango wa sauti kabla ya kuwa hesabu ya silabi.

Waliojibu kwa haki zaidi walikuwa wale waliozifahamu hoja zote mbili kutoka ndani. K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi, katika Mashairi ya Kisasa (1973) na Malenga wa Bara (1976), walionyesha kwa vitendo kwamba mtu aweza kutunga kwa kufuata mapokeo na kwa kuyaacha. Anayeweza kulitunga shairi la mwenziwe kisha akachagua kutolitunga hashukiwi kwamba ameshindwa. Na anapolipinga, hulipinga akilijua. Ubishi wa namna hiyo ndio uliouacha ushairi wa Kiswahili ukiwa mpana zaidi. Leo mashairi ya aina zote mbili yanasomwa na kuhakikiwa, na hakuna upande uliolazimika kutoweka.

Fumbo na mipasho

Sehemu ya pili ya deni ni kumwachia mpinzani nafasi ya kujibu. Hapa ndipo fumbo linapoleta utata.

Fumbo lina heshima kubwa katika fasihi ya Kiswahili, na limewakinga wengi. Abdilatif Abdalla, katika shairi la "Mamba" lililomo kwenye Sauti ya Dhiki (1973), anamzungumzia mnyama wa mtoni, na hakuna msomaji makini anayeishia kwa mnyama. Mfungwa hawezi kumtaja aliyemfunga. Lakini fumbo lina matumizi mengine. Katika taarabu ya mipasho, iliyovuma sana Tanzania katika miaka ya 1990 kwa ushindani wa vikundi kama TOT na Muungano, mwimbaji huimba maneno ya jumla juu ya jirani mwenye husuda au mke mwenza. Msikilizaji mwanamke huinuka kwenda kumtunza mwimbaji beti fulani likifika, na kwa kitendo hicho hulielekeza beti hilo kwa hasimu wake aliyeketi ukumbini. Mwimbaji atasema hakumwimbia mtu. Mtunzaji atasema alipenda wimbo. Aliyelengwa akikasirika ataulizwa: kama si wewe, umeumia kwa nini?

Itakuwa makosa kuidharau sanaa hii. Iliwapa wanawake uwanja wa kusema hadharani mambo ambayo mabaraza ya wanaume hayakuwapa nafasi ya kuyasema, na aliyepigwa mpasho leo aliweza kuinuka kesho na wimbo wake. Pale ambapo zamu ipo, kujibizana kupo, hata kama ni kwa kanga na kwa noti. Tatizo huja pale ambapo hakuna zamu. Fumbo linalorushwa bila mwenyewe humnyima mlengwa njia ya kujibu, maana akijibu amekiri, na akinyamaza amekubali.

Kwa hiyo hukumu juu ya fumbo haiwezi kuwa moja. La kuulizwa ni nani anakingwa. Fumbo la mnyonge dhidi ya mwenye nguvu humkinga msemaji asiangamizwe, na mwenye nguvu bado ana kila njia ya kujibu akitaka. Fumbo la mwenye nguvu dhidi ya mnyonge hufanya kinyume: humpa msemaji nafasi ya kuumiza na kukana kwa pumzi moja. Mwanasiasa anayesimama jukwaani akasema "mnajua wenyewe cha kufanya" hatungi fumbo la aina ya Muyaka. Anajificha.

Dola na neno

Utata huu unakuwa mkubwa zaidi pale dola inapokuwa mmoja wa wabishani. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla alitoa kijikaratasi chenye kichwa kilichokuwa swali: Kenya: Twendapi? Swali hilo halikujibiwa. Mwandishi alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakatunukiwa tuzo la fasihi lenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Wengi wamelichukulia tukio hilo kuwa ni kejeli ya historia. Kwa upande wa maadili ya ubishi lina funzo jingine. Kifungo hakikuwa jibu, na tuzo pia halikuwa jibu. La kwanza lilimkana msemaji, la pili liliusifu usemaji wake, na swali la mwaka 1968 likabaki pale pale lilipoulizwa. Kumsifu mtu kwa ufasaha wake ni mojawapo ya njia za kistaarabu za kutomjibu.

Mfano wa karibu zaidi unaziunganisha siasa, jamii na utamaduni wa vijana. Mwaka 2021 Exray Taniua, pamoja na Trio Mio na Ssaru, walitoa wimbo wa "Sipangwingwi", unaocheza na kitenzi "kupangwa" katika maana ya Sheng ya kurubuniwa. Muungano mmoja wa kisiasa ukauchukua msemo huo kwa wingi, "hatupangwingwi", ukaufanya wito wa kampeni. Mwezi Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikauweka katika orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya chuki, pamoja na neno "madoadoa". Ubishi ulizuka kila mahali. Wengine waliiona Tume kuwa imeingilia lugha ya vijana. Wengine walikumbusha kwamba tume hiyo ilizaliwa na sheria ya mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 zilizoua watu zaidi ya 1,100, na kwamba nchi iliyoungua haina budi kuogopa cheche.

Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, maneno hayo mawili hayalingani, na tofauti kati ya kusema na mtu na kumsema mtu ndiyo inayoonyesha kwa nini. "Hatupangwingwi" ni jibu. Linadokeza kwamba yuko aliyetaka kupanga, linamwelekea, na linamwambia kwamba hakubaliwi. Aliyeambiwa hivyo anaweza kurudisha: sikutaka kuwapanga, au, nyinyi mmekwisha kupangwa na mwingine. Neno ni kali, lina majivuno, lakini mlango wake uko wazi. "Madoadoa" haliko hivyo. Katika kumbukumbu ya Bonde la Ufa, neno hilo halimwelekei jirani. Linazungumza na wengine juu yake. Linamfanya kuwa uchafu kwenye nguo, na doa haliulizwi lina maoni gani. Huondolewa. Neno la kwanza linauanza ubishi; la pili linaufunga kwa kumtoa mmoja wa wabishani katika kundi la watu wanaoweza kujibu.

Kosa la kuyaweka maneno hayo katika orodha moja, basi, si la upole kupita kiasi wala la ukali kupita kiasi. Ni kosa la kupima maneno kwa joto lake badala ya kuyapima kwa mwelekeo wake. Jamii inayozuia kila neno lenye joto itajikuta imezuia majibu, na kuyaacha maneno baridi, yanayosemwa kwa sauti ya chini na kwa adabu zote, yaendelee kuwatoa watu katika hesabu.

Mipaka ya deni

Linabaki swali moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Je, aliyeitwa doa naye anadaiwa kulichukua neno la aliyemwita hivyo, alitaje kwa haki na kumwachia nafasi? Kumjibu ndiyo kungekuwa kumtwika aliyeumizwa mzigo wa pili.

Jibu la makala haya ni kwamba hadaiwi. Deni la ubishi huzaliwa na kuambiwa. Aliyeambiwa neno, hata neno chungu, ameitwa katika mazungumzo na amepata zamu. Na mwenye zamu ana wajibu. Lakini aliyesemwa tu hakuitwa. Anaweza kujibu akipenda, na wako waliojibu kwa ukarimu unaoshangaza, lakini huo ni ukarimu na hauwezi kudaiwa na mtu. Vilevile uzito wa deni si sawa kwa wote. Mwenye kipaza sauti anadaiwa zaidi kuliko asiye nacho, mhariri zaidi kuliko mwandishi wa barua, mhadhiri zaidi kuliko mwanafunzi wake, na dola zaidi kuliko raia, kwa kuwa kadiri mtu anavyoweza kuwanyamazisha wengine ndivyo kusikiliza kwake kunavyokuwa na maana.

Kanuni hii inawahusu wahakiki pia. Uhakiki ni ubishi uliopewa kurasa. Mhakiki anayemtaja mwandishi ili amfanye mfano wa kosa lililokwisha kuamuliwa ametunga ngonjera, hata akiongeza istilahi za nadharia ya kisasa kabisa. Mhakiki anayeieleza kazi kwa namna ambayo mtunzi wake, au msomaji anayeipenda, angeitambua, ndipo akaipinga, amefanya alichofanya Zahidi Mngumi kwa Muyaka. Huenda bado akawa amekosea. Lakini atakuwa amebisha, akangoja, na mwenye nyumba atajua ni mlango gani uliogongwa.